Kamera Darasani na Subira ya Mtazamaji



Nilipopewa heshima ya kusimama mbele yenu nizungumze juu ya matumizi ya picha za video katika utafiti wa darasani, fikira ya kwanza iliyonijia haikuwa ya chombo chenyewe, bali ya mkaguzi wa shule wa siku za utoto wangu, ambaye aliingia darasani bila ya kubisha hodi, akaketi dawati la nyuma na daftari lake gotini, akaandika kwa muda wa robo saa, kisha akaenda zake, na sisi sote, mwalimu na wanafunzi, tukabaki hatujui aliona nini. Kila alichokichukua mkaguzi yule kilikuwa kimekwisha pita katika fikira zake na kugeuka hukumu; na maadamu somo lenyewe lilikuwa limekwisha toweka kama moshi wa jikoni, hapakuwa na mtu awezaye kumwambia kwa ithibati kuwa amekosea. Laiti somo lile lingaliweza kurudishwa na kutazamwa upya, mwalimu wetu angalipata la kujitetea, au angalijua kosa lake. Mazungumzo yangu ya leo ni juu ya laiti hiyo.

Kabla kamera haijaingia darasani, watafiti walijaribu kulinasa somo kwa kalamu. Ned Flanders wa Marekani alibuni mafungu 10 ya kuyagawia maneno ya darasani, na mtazamaji alitakiwa aandike tarakimu moja kila baada ya sekunde 3: hapa mwalimu anasifu, hapa anauliza, hapa anahutubu, hapa mwanafunzi anajibu, na fungu la kumi likawa la kimya au ghasia. Siidharau njia hiyo, kwani ilionyesha kwa hesabu jambo ambalo walimu hatupendi kulisikia, yaani kwamba darasani mwenye kusema zaidi ni mwalimu. Walakini mtazamaji alipokwisha andika tarakimu 4, ambayo ndiyo alama ya swali, swali lenyewe lilikuwa limepotea, wala hapakuwa na njia ya kujua baadaye kama lilikuwa swali la kumfikirisha mtoto au la kumuuliza nani kafuta ubao.

Mwaka 1963, katika Chuo Kikuu cha Stanford, ilianzishwa desturi ambayo wengi wenu mliipitia vyuoni kwa jina la ufundishaji mdogo: mwanachuo hufundisha wanafunzi wachache kwa dakika chache, hutazama picha yake mwenyewe, kisha hurudia kufundisha. Mwaka 1967 kampuni ya Sony ikatoa mtambo wake ulioitwa Portapak, na kazi ya kurekodi ambayo hapo awali ilihitaji studio ikawa mzigo wa begani wa mtu mmoja. Tangu hapo mlango ulifunguka.

Miongoni mwa waliopita mlango huo mapema ni Jacob Kounin, mwanasaikolojia ambaye udadisi wake ulianza kwa jambo dogo: alimkemea mwanafunzi mmoja wa chuo aliyekuwa akisoma gazeti darasani, akaona kuwa wasiokemewa nao wamekaa sawa, macho mbele na kalamu mkononi. Kwa miaka mingi akatafuta namna iliyo bora ya kukemea. Alipoyatazama madarasa katika kanda za video, akakuta kwamba namna ya kukemea haielezi hata kidogo kwa nini darasa moja limetulia na jingine limevurugika. Tofauti ilikuwa katika yale yaliyotangulia kemeo, kwa mwalimu ajuaye yanayotendeka nyuma ya mgongo wake, na ambaye wanafunzi wanajua kuwa anajua, aliye hodari wa kushika mambo mawili kwa wakati mmoja, tena asiyekatiza mwendo wa somo lake bila ya sababu. Kitabu chake kilitoka mwaka 1970. Hapo naona fadhila ya kwanza ya picha: ilimnyang'anya mtafiti swali alilolipenda, ikampa jingine.

Lakini kazi ninayotaka kukaa nayo leo ni ile iliyofanywa pamoja na mitihani ya Utafiti wa Tatu wa Kimataifa wa Hisabati na Sayansi, mwaka 1995, chini ya uongozi wa James Stigler wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Mitihani hueleza nani amepata na nani amekosa, lakini haielezi kilichotendeka darasani. Ikaamuliwa basi kwamba masomo ya hisabati ya darasa la nane yarekodiwe katika nchi tatu: 100 katika Ujerumani, 50 katika Japani na 81 katika Marekani, yote 231, nayo hayakuchaguliwa kwa kutafuta walimu mashuhuri, bali kwa bahati nasibu, ili picha iwe ya nchi na isiwe ya mabingwa wake. Ziada ya hiyo, walimu waliandikiwa maswali juu ya somo lililorekodiwa, na hapo ndipo ilipodhihiri kwa nini dodoso pekee halitoshi: walimu wengi wa Marekani walijibu kwa dhati kwamba somo lao lilifuata fikira mpya za ufundishaji, na hata wakataja mahali hasa, ilhali picha ya mahali hapo ilionyesha mazoezi yale yale ya zamani yaliyovishwa nguo mpya. Hawakusema uongo. Neno moja lilikuwa na maana mbili, moja kwa mwenye kulitunga na nyingine kwa mwenye kulitumia, na hakuna karatasi ambayo ingaliweza kuzitenganisha.

Mpiga picha alikuwa mmoja kwa kila somo na kamera yake moja, naye alipewa kanuni ambayo nimeifikiria mara nyingi: aielekeze kamera pale ambapo mwanafunzi bora, anayelifuata somo kwa makini, angaliyaelekeza macho yake. Mwalimu akiandika ubaoni, kamera iende ubaoni. Mwanafunzi akisimama kueleza, kamera imfuate. Ni kanuni ya busara, kwa kuwa bila ya kanuni kila mpiga picha angaliifuata hawaa yake, na masomo yasingaliweza kulinganishwa. Lakini tazameni gharama yake. Yule mwanafunzi bora hayumo darasani. Ni mtu wa kubuni. Waliomo ni watoto wa damu na nyama, mmoja amelala juu ya mkono wake, mwingine anachora, wa tatu anamnong'oneza jirani jawabu lisilo sahihi, na kamera inayomwigiza mwanafunzi bora itawapa kisogo wote hao. Mahali unapoisimamisha kamera umekwisha toa rai yako juu ya somo ni kitu gani. Watafiti wenyewe walilitambua hilo, na utafiti uliofuata, wa mwaka 1999, ukatumia kamera mbili, moja ikimfuata mwalimu na ya pili ikiwakabili wanafunzi.

Picha za utafiti wa 1995 ziliwaonyesha nini? Katika Marekani takriban asilimia 96 ya muda ambao wanafunzi walifanya kazi peke yao au kwa vikundi, na katika Ujerumani asilimia 89, ulikwenda katika kurudia njia waliyokwisha onyeshwa. Katika Japani ni asilimia 41 tu, na sehemu nyingine kubwa ikatumika kubuni njia na kuzifikiri. Wala tarakimu hizo hazikupatikana kwa mtu mmoja kukaa na kukisia: maneno yote yalinukuliwa na kufasiriwa, kila sentensi ikafungwa na dakika yake katika picha, na watazamaji zaidi ya mmoja wakalipima tukio lile lile mpaka wapatane. Hata wataalamu walioitwa kuyapima maudhui ya hisabati walipewa maelezo ya masomo yaliyofichwa dalili za nchi, ili mapenzi au chuki ya mtu kwa nchi fulani isiingie katika mizani.

Hata hivyo, yaliyonivutia zaidi si tarakimu. Ni ubao. Mwalimu wa Japani aghalabu huanza kuandika upande wa kushoto na kuendelea hadi wa kulia, wala hafuti, hata somo linapokwisha ubao mzima ni hadithi ya fikira za siku ile, na mtoto aliyepotea njia katikati anaweza kurudi kwa macho mahali alipopotea. Wenzao wa Marekani walipenda projekta, ambayo huonyesha jambo moja na kulifunika linapokwisha, kwa sababu haja yao ilikuwa kuyashika macho ya wanafunzi mahali pamoja. Kila mmoja aliona lake ni la kawaida kabisa, na ukimuuliza kwa nini anafanya hivyo hana jawabu, kama wewe usivyo na jawabu kwa nini unaanza na mguu fulani ukipanda ngazi. Kadhalika na matangazo: katika baadhi ya masomo ya Marekani kipaza sauti cha ukutani kilikatiza mazungumzo ili kutangaza mambo ya shule, na Wamarekani waliokuwa wakitazama hawakuona ajabu, mpaka mwenzao wa Japani alipostaajabu mbele yao kwamba somo linaweza kukatizwa hivyo. Katika kanda za Japani haikutokea hata mara moja. Jambo hilo lilikuwamo katika picha tangu mwanzo, likiwa wazi kama jua la mchana, na wenyewe hawakuliona, maana mtu haoni ukuta wa nyumba yake. Mgeni ndiye aliyeliona.

James Stigler na mtafiti mwenzake James Hiebert walipoandika kitabu chao juu ya masomo hayo mwaka 1999, wasomaji wengi wakaghurika, wakadhani dawa ni kuiga Wajapani. Utafiti wa pili, uliokusanya masomo 638 ya hisabati kutoka nchi saba, ukawarudisha nyuma. Hong Kong, ambako watoto hufaulu vizuri sana, mwalimu husema karibu wakati wote. Uholanzi wanafunzi hufanya kazi peke yao kwa muda mrefu. Hapana mtindo mmoja wa wafaulu. Lakini ilionekana tofauti moja nyembamba, ambayo macho ya haraka yasingaliiona. Maswali yenye kumtaka mwanafunzi aunganishe fikira moja na nyingine yaliulizwa kila mahali. Katika Hong Kong na Japani karibu nusu ya maswali hayo yalibaki hivyo mpaka mwisho, ilhali katika Marekani karibu yote yalipunguzwa njiani, mwalimu akiona watoto wanahangaika akawapa hatua za kufuata, na swali la kufikiri likawa zoezi la kunakili. Mwalimu yule hakukosa andalio zuri la somo. Alikosa ustahimilivu wa dakika mbili. Nyinyi mliohudhuria mafunzo ya SMASSE ya walimu wa hisabati na sayansi, yaliyoanza Kenya mwaka 1998 kwa msaada wa Japani, mnakumbuka tulivyohimizwa kumpa mwanafunzi kazi ya kutenda. Na mimi nasema, kwa haki ya uzee wangu, kwamba tulishika vifaa tukasahau kungoja.

Zipo njia nyingine za kuitumia picha, ambazo hazianzi na hesabu kabisa. Joseph Tobin na wenzake wawili walirekodi siku nzima katika shule za watoto wadogo za Kyoto, Kunming na Honolulu, kisha wakazichukua picha hizo wakawaonyesha walimu wa nchi zote tatu na kuwauliza wanaona nini. Katika picha ya Kyoto alikuwamo mtoto mtundu wa miaka minne, waliyemwita Hiroki, ambaye alisumbua wenzake karibu siku nzima na mwalimu wake hakumzuia. Watazamaji wa Marekani wakaona uzembe. Wajapani wakaeleza kuwa mwalimu alijizuia kwa makusudi, kwani watoto hujifunza kuishi na watu kwa kupatanishwa na watoto wenzao, si kwa mkono wa mkubwa. Na walipotazama picha ya Honolulu, yenye watoto wachache kwa mwalimu mmoja, hali ambayo Mmarekani huihesabu neema, wao wakaiona ni upweke. Kwa Tobin picha haikuwa ushahidi, ilikuwa swali lililovaa sura za watu. Kitabu chao cha mwaka 1989 nakipenda kuliko majalada mengi ya takwimu, ingawa najua wenzangu wa takwimu watanuna.

Na katika New Zealand, Graham Nuthall aliwaning'inizia watoto maikrofoni ndogo vifuani, huku kamera zikitazama darasa, akasikia yale ambayo mwalimu hawezi kuyasikia. Aliona kwamba mtoto anaishi katika dunia tatu kwa pamoja: ile ya mwalimu, ile ya rafiki zake, na ile ya ndani ya kichwa chake, kwamba kiasi kikubwa cha kinachofundishwa, kama asilimia 40 hadi 50, watoto tayari wanakijua, na kwamba masahihisho mengi wanayopokea yanatoka kwa watoto wenzao, na mengi yake si sahihi. Mwalimu aliyesimama mbele alikuwa akiongoza somo moja, na chini ya madawati yakiendelea masomo mengine thelathini.

Sasa tushuke kwenye mambo ya mikono. Mtu anayetaka kurekodi somo katika shule zetu ajue kwamba adui wake wa kwanza ni dirisha. Jua la kwetu likiingia nyuma ya wanafunzi, kamera itawafanya wote kuwa vivuli vyeusi, nawe utarudi nyumbani na somo la mizimu; isimamishe upande wa madirisha, ikiyapa mgongo. Adui wa pili ni mabati, maana mvua ikianza, hata rasharasha, sauti yote imekwenda. Na katika utafiti wa darasani sauti ina thamani kuliko sura, kwa hiyo fedha uliyoiweka kwa ajili ya kamera ya fahari igawe, ununue maikrofoni nzuri. Watoto wanapokaa watatu watatu kwenye dawati moja, chagua madawati mawili uyafuate mpaka mwisho, badala ya kulizungusha jicho la kamera kama mtalii. Wala usiiamini siku ya kwanza. Siku hiyo sare zimefuliwa na kupigwa pasi, mwalimu amevaa koti, maswali yanaulizwa yale ambayo majawabu yake yamefanyiwa mazoezi jana. Nenda siku ya pili, na ya tatu. Ikifika ya nne, koti limevuliwa na kamera imekuwa sawa na kabati.

Juu ya idhini nitasema machache, lakini kwa ukali. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Sura ya mtoto na sauti yake si mali ya mtafiti. Sahihi ya mwalimu mkuu haiwi idhini ya mzazi, na idhini ya mzazi haimfungi mtoto mwenyewe asiyetaka. Akae upande usioonwa na kamera na asome kama wenzake. Mwalimu naye awe na haki ya kuitazama picha kabla ya mtu mwingine yeyote, na ya kusema ifutwe. Mnaona siku hizi vipande vya nusu dakika vinavyozunguka katika simu, mwalimu akitamka neno la Kiingereza vibaya na watu elfu wakicheka. Hiyo si elimu, ni dhulma, na kila kipande cha namna hiyo kinamfungia mlango mtafiti mwaminifu atakayebisha hodi kesho. Kwa sababu hiyo mimi sipendi vipande hata katika mafunzo ya ualimu. Somo lina mwanzo, kati na mwisho, na kosa la dakika ya kumi huenda likawa ndilo mlango wa ufahamu wa dakika ya thelathini.

Imebaki habari moja, nayo inanihusu mimi. Miaka kadhaa iliyopita nilimwomba kijana mmoja anirekodi nikifundisha desimali darasa la sita, kwa nia, nakiri, ya kupata mfano mwema wa kuwaonyesha wanachuo. Nilikuwa nimesoma zamani kazi ya Mary Budd Rowe, ambaye kwa kusikiliza kanda za sauti za masomo aligundua kuwa mwalimu akiuliza swali hungoja kiasi cha sekunde moja tu kabla ya kumrukia mwingine au kujibu mwenyewe, na kuwa akingoja sekunde 3 majawabu ya watoto hurefuka na hata walio kimya husema. Nilikuwa nimeifundisha habari hiyo kwa miaka. Niliiamini kuwa ni habari ya walimu wengine.

Mara ya kwanza nilipoitazama picha yangu sikuona ila kitambi changu na namna ninavyokuna shingo. Mara ya pili nilisikia sauti yangu, nikaona ni nyingi. Mara ya tatu nilishika saa nikapima, na nikanyamaza kimya sebuleni mwangu, kwani yupo mwalimu pale anauliza, na kabla pumzi ya swali haijaisha anajibu, tena kwa furaha. Mara ya nne ndipo nilipomwona msichana wa dawati la tatu kutoka nyuma, karibu na mlango. Anainua mkono, hadi usawa wa sikio, mimi najibu swali langu mwenyewe, anaushusha. Anauinua tena. Anaushusha. Mara ya tatu anauinua kidogo tu, vidole juu ya dawati, na baada ya hapo hauinui tena mpaka kengele. Nilikuwa nimepita kando yake mara mbili katika kipindi kile. Nilikuwa nikimtazama.

Kanda hiyo ninayo hapa, na mzazi wake na yeye mwenyewe, ambaye sasa ni mtu mzima, wameniruhusu niionyeshe kwa walimu. Ina dakika 40. Naomba wale walio karibu na madirisha wayafunge, tupate giza kidogo, na atakayekuwa na neno la kusema aliweke mpaka iishe, kwa sababu tutaitazama mara mbili.